Mswaki wa Pande Tatu kwa Mtu Asiyeweza Kujisafisha Kinywa

Mdogo wangu ana mtindio wa ubongo, na kumpigisha mswaki kulikuwa kazi ngumu kuliko zote za siku, kwa kuwa mswaki ukigusa tu meno ya mbele taya lake hujifunga ghafla, si kwa ukaidi bali kwa sababu misuli hukaza bila ridhaa yake. Kwa miezi minne sasa tumekuwa tukitumia mswaki wa pande tatu.

Kichwa chake kina safu mbili za nyuzi zilizoinama kuelekeana, na katikati safu fupi, hivyo kikipandishwa juu ya jino husugua upande wa nje, wa ndani na wa kutafunia kwa mara moja. Kwa mtu anayevumilia sekunde chache tu kabla ya kuchoka, hilo si jambo dogo. Upande wa ndani wa meno ya chini, ambako ulimi wake ulikuwa ukiusukuma nje mswaki wa kawaida, sasa unasafishika. Jambo hili lilinigusa zaidi kwa kuwa anatumia fenitoini kwa ajili ya kifafa, dawa inayoweza kufanya fizi zikue hadi kufunika meno, na ukoga ukiachwa hali huwa mbaya zaidi. Wiki za mwanzo fizi zilitoa damu kila jioni. Baadaye nikaanza kuona mate meupe.

Kasoro zipo. Kichwa ni kipana mno kwa magego ya mwisho ya juu, kwa hiyo huko bado natumia mswaki mdogo laini. Akiung'ata, nyuzi za pembeni hutanuka, nami hulazimika kuubadilisha kabla ya ile miezi mitatu ya kawaida. Mpini nao ni mwembamba. Niliuzungushia sifongo ili aushike mwenyewe, mkono wangu ukiwa juu ya wake, na tangu hapo hukaza taya mara chache kuliko awali.

Mswaki huu haufuti haja ya uangalifu. Humketisha wima, kidevu kikiinama kidogo, nikatumia dawa kidogo ya meno yenye floraidi isiyotoa povu jingi, maana humeza kwa shida, na mate yenye bakteria yakiingia mapafuni yanaweza kuleta nimonia. Kwa anayemhudumia mtu wa namna hii ningeupendekeza bila kusita, mradi anunue na ule mdogo wa magego.