Madogo: maji ni ya Mungu, rangi ni ya mpangaji

Kama unahamia Garissa kikazi na dalali anakuvusha daraja kwenda kukuonyesha nyumba Madogo kwa kuwa kodi ya huko ni nafuu, usimpe hata shilingi kabla hujakagua kuta. Achana na vigae, achana na tangi lililo juu. Inama chini ya dirisha utafute mstari wa tope uliopakwa rangi juu yake. Ukiuona, ujue mto ulishafika hapo, na siku ukirudi utalipa wewe.

Mimi nimelipa. Mvua za 2024 zilipozidi huko milimani, mabwawa ya Mto Tana yalijaa moja baada ya jingine, kuanzia Masinga hadi Kiambere, na maji yote yakatushukia sisi tulio chini. Mgeni hulijua hili akiwa amechelewa: Garissa inaweza kufurika jua likiwaka, wala mvua haijanyesha kwenu. Tuliambiwa tulio karibu na mto tuhame, tukahama. Nilibeba godoro, mtungi wa gesi na vyeti vyangu. Meza na kabati vikabaki. Barabara ya kwenda darajani ikakatika pale Kona Punda, watu wakawa wanavuka kwa maboti, na mwishoni mwa Aprili boti moja likazama hapo na abiria wake. Kuna waliokufa. Kwa hiyo sikuja hapa kulalamikia mafuriko wala kabati. Tulionusurika wote tulishukuru Mungu.

Nalalamikia kilichofuata. Maji yalipopungua nilirudi, nikazoa tope, nikaosha sakafu ya nyumba isiyo yangu mpaka mikono ikachubuka. Kisha nikaenda kumwona mwenye nyumba. Nilimkuta barazani kwa duka, anakunywa chai na wenzake. Mji ule hata mtu asiyekujua atakusogezea kiti na kukumiminia chai ya maziwa ya ngamia. Yeye hakuniambia hata karibu.

"Mzee, naomba tuongee kuhusu dipoziti yangu. Nahama."

"Dipoziti gani? Ukuta umechafuka, lazima upakwe rangi."

"Lakini mzee, ule ni mto uliingia. Sikuuchafua mimi."

"Maji ni ya Mungu," akasema. "Rangi ni ya mpangaji."

Wenzake wakatazama chini. Hakuishia hapo. Alinidai kodi ya mwezi ule ambao nyumba ilikuwa ndani ya maji, eti vitu vyangu vilikuwa bado ndani. Kabati langu lilikuwa linaoza humo na yeye analihesabia kodi! Nilishindwa kuongea. Nilimheshimu kwa umri wake, nikaondoka bila kumjibu, na mpaka leo majibu yananijia usiku.

Nikauliza sheria. Sheria ya Kenya ya kudhibiti kodi za nyumba, ile yenye baraza lake la kusikiliza wapangaji, inamlinda anayelipa kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nani siku hizi anapata nyumba ya stima na choo ndani kwa bei hiyo? Ukizidisha hapo unaambiwa nenda mahakamani, na mwenye nyumba anajua kwamba mtu wa mshahara mdogo hawezi kuacha kazi kufuatilia dipoziti ya mwezi mmoja. Wanatujua vizuri sana.

Juzi nimepita pale. Ukuta umepakwa rangi ya maziwa, safi kabisa, kwa pesa yangu, na kuna familia changa imeingia. Nilimuuliza yule mama kama ameambiwa habari za maji. Hakuwa ameambiwa. Nikamwambia yote, na nitamwambia kila atakayeuliza.

Sasa, nilikaa kuandika haya nikiwa na nia ya kusema msihamie kabisa. Siwezi kusema hivyo, sitakuwa mkweli. Jirani yangu wa ukuta mmoja, ambaye naye alipoteza karibu kila kitu, ndiye aliyenilaza kwa ndugu zake upande wa Garissa wiki zile zote, na hakuniruhusu kununua hata sukari. Ndizi na maembe ya mashamba ya kando ya mto sijaonja kama hayo popote. Joto ni kali, ndiyo, na maji ya kunywa unanunua kwa mwenye mkokoteni wa punda huku mto unaouona uko pale, na mathenge, ile miti ya miiba, imefunga njia za watu hadi uani. Jioni lakini, upepo ukivuma kutoka mtoni, unasahau.

Na si Madogo peke yake, maana Bakuyu na Ziwani, upande wa Garissa penyewe, nako maji yaliingia majumbani. Pangeni, ila muandike kwenye mkataba: mto ukiingia, dipoziti inarudi na kodi inasimama. Mwenye nyumba akikataa kuweka sahihi, huyo mwacheni na nyumba yake, hata angewapunguzia nusu.

Wangu bado anazo pesa zangu. Nimemtumia ujumbe tena wiki hii, ameusoma, hajajibu. Nitautuma mwingine.