Fender '65 Deluxe Reverb: nilimwomba muuzaji aifungue kwanza

Hii ni ampu ya gitaa, toleo la siku hizi la Deluxe Reverb ya miaka ya 60. Sauti kwanza, maana ndiyo kila mtu huniuliza. Kwa solo ya rumba ni tamu, hakuna ubishi: nyuzi nyembamba zinalia wazi na besi haizibi. Ni wati 22, valvu mbili (zile taa za kioo zinazokuza sauti) aina ya 6V6 kwenye sehemu ya nguvu, spika moja ya inchi 12. Kwa baa ya hoteli hapa Nyali inatosha na kubaki. Harusi ya uwanjani itakubidi uiwekee maiki, la sivyo mpiga ngoma atakumeza. Ukipandisha kitufe cha sauti kupita namba tano inaanza kukwaruza. Wapiga bluzi hapo ndipo wanapopapenda, mimi sivuki nne.

Lakini pesa nilitoa kwa sababu ya kilichomo ndani. Muuzaji alikuwa na mbili zilizotumika, hii na Blues Junior, ampu nyingine ndogo ya Fender, nikamwomba azifungue zote. Akaguna, akaenda kutafuta bisibisi.

Mtu asikudanganye kwamba Deluxe hii imeungwa nyaya kwa mkono. Ni ya bodi, yaani kibao chenye njia za umeme zilizochapwa juu yake. Ila soketi za valvu zimefungwa kwenye bati la chesisi, ile fremu ya chuma, na kutoka hapo nyaya ndizo zinazoingia kwenye bodi. Ukichomoa valvu, nguvu ya mkono wako inaishia kwenye bati. Blues Junior soketi zake zimekaa kwenye bodi ndogo ya pekee, inayoungana na bodi kubwa kwa mkanda wa nyaya. Inapiga vizuri, ni nyepesi na bei yake iko chini, wala simkatazi mtu wa kupigia nyumbani.

Mimi nimeshaungua. Ampu yangu ya zamani, jina naliweka kando, soketi zililehemewa juu ya bodi moja kwa moja. Valvu zinachemka, bodi inakula moto kila usiku, mwisho lehemu ikapasuka: kamstari ka duara kuzunguka mguu mmoja wa soketi, hukaoni mpaka umulike tochi kwa pembeni. Sauti inakatika katikati ya wimbo, ukiigonga inarudi. Fundi aling'oa vitufe vyote vya mbele ndipo akaweza kuigeuza bodi, kwa tone moja tu la lehemu!

Wala msizikimbilie zilizoungwa kwa mkono kwa upofu. Fender za miaka ya 60 zilijengwa juu ya kibao cheusi cha faiba kilichopakwa nta, na kibao kile hunyonya unyevu. Kwa hewa yetu hii ya pwani, umeme unaweza kuvuja juu ya kibao chenyewe, sauti ikapasukapasuka ilhali vipuri vyote ni vizima.

Kinachonikera kwenye Deluxe: chaneli ya kwanza haina mwangwi wala mtetemo, vyote viko kwenye ya pili, kwa hiyo ile ya kwanza siigusi kabisa.

Mkienda kukagua, mwacheni fundi ndiye atie mkono. Ndani mna volti zaidi ya 400, na kapasita, vipuri vinavyohifadhi umeme, hubaki na umeme hata plagi ikishachomolewa. Kibandiko cha nyuma someni wenyewe. Hii yangu ni ya Marekani, volti 120. Kuichomeka moja kwa moja kwenye 240 yetu ni kuiua. Natembea na transfoma ya kushusha umeme, mzigo juu ya mzigo, na kwa hoja hiyo hiyo muuzaji alinipunguzia bei.