Adapta ya kiti cha gari kwenye kigari cha mtoto: niliyoyaona hapa Tanga

Nimenunua adapta mbili katika miezi saba, yaani kifaa cha kushikiza kiti cha gari cha mtoto juu ya kigari chake cha kusukuma. Ya kwanza ilikaa kwangu siku nne na mwanangu hakuwahi kulala juu yake. Ya pili ninayo mpaka leo na ninaiamini. Naandika kwa sababu nilipokuwa natafuta maelezo kwa Kiswahili sikupata, na jambo lenyewe linahusu shingo ya mtoto mchanga.

Kigari changu ni Bugaboo Cameleon, kiti cha gari ni Maxi-Cosi CabrioFix. Vyote nilipewa na wifi yangu anayeishi Uingereza, baada ya mwanawe kukua. Kupewa na mtu wa nyumbani ni jambo kubwa hapa, maana kiti cha gari cha mtumba ambacho hujui kama kilishawahi kupata ajali hakifai hata kama kinang'aa. Changu najua kilikotoka. Kina lebo ya rangi ya chungwa yenye herufi E ndani ya duara, imeandikwa ECE R44/04, yaani kiwango cha usalama wa viti vya gari vya watoto, na uzito wa mtoto ni hadi kilo 13.

Kitu ambacho hakikuwemo kwenye mzigo ni adapta. Wengi wetu hatujui kwamba kiti na kigari, hata viwe vya bei kubwa kiasi gani, mara nyingi havishikani vyenyewe. Adapta ni vipande viwili vya plastiki ngumu, cha kushoto na cha kulia. Unatoa kile kiti cha kawaida cha kigari, unachomeka adapta kwenye fremu, halafu kiti cha gari kinatua juu yake na kujifunga. Kwa hiyo lazima ielewane na kigari kwa chini na kiti kwa juu. Ikikubaliana na kimoja tu, haifai.

Sisi tunakaa Chumbageni na gari letu ni Toyota IST. Tukitoka kwenda sokoni Ngamiani, mtoto ameshalala kabla hatujafika. Ukimfungua mikanda anaamka, analia, na shughuli yote imeharibika. Kumwacha ndani ya gari kwa joto letu hili ni hatari, hata dakika tano, hata vioo vikiwa vimeshushwa kidogo. Ukiwa na adapta unanyanyua kiti na mtoto wake, unakitua kwenye kigari, unaendelea na safari zako.

Ya kwanza niliagiza kwa muuzaji wa mtandaoni aliyeko Dar. Nikamuuliza kama inaingia kwenye Maxi-Cosi. Akajibu, "Inaingia zote dada, wala usihofu." Nikatuma shilingi 85,000, mzigo ukaja na basi, nikaufuata stendi ya Kange. Haikuwa na jina la kampuni wala namba yoyote. Hapo tu ningeshtuka.

Nikaifunga barazani. Nilipokalisha kiti, upande wa kulia ulilia ta! Wa kushoto ukaingia kimya. Kwa kutazama kutokea juu kiti kilikuwa kimekaa vizuri, kimenyooka, na mtu mwenye haraka angemweka mtoto akaondoka. Nikapiga magoti nikachungulia. Kati ya kiti na adapta palikuwa na mwanya mwembamba. Nikachukua njiti ya kiberiti nikaipitisha, ikapita mpaka upande wa pili.

Nikaweka ndani ya kiti mfuko wa unga wa kilo tano, nikaufunga mikanda kama ninavyomfunga mtoto, nikasukuma kigari hadi kwenye kizingiti. Gurudumu la mbele lilipogonga, kiti kilichomoka upande wa kushoto kikainama kama kikapu kilichokatika mkono mmoja. Unga ulizuiwa na mikanda tu. Nilibaki nimeshika kile kiti kwa mikono miwili kwa muda, moyo unanienda mbio.

Mama alikuwa amekaa pembeni anachambua mchele. Akaniambia, "Mwanangu, kwani mbeleko imekwenda wapi?" Mbeleko ipo, naitumia kila siku na naipenda. Lakini mbeleko haimlindi mtoto ndani ya gari linalokwenda, na mimi nilitaka atoke garini bila kuamshwa.

Kesho yake fundi mmoja aliniambia nimwachie aipige msasa ule upande unaogoma, nusu saa tu itaingia. Nilimshukuru nikaondoka nayo. Ile kingo anayotaka kuipunguza ndiyo inayoshika. Ukiisugua kiti kitaingia, ndiyo, na kitatoka vilevile. Adapta isiyofunga usiilazimishe, usiichonge, usiifunge kwa kamba. Muuzaji alinirudishia nusu ya hela baada ya kumpigia wiki nzima.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kusoma kwa utulivu. Nilichojifunza ni kwamba jina la kampuni peke yake halitoshi, unatakiwa kujua toleo hasa. Bugaboo wametengeneza pia kigari kinachoitwa Bee, na adapta yake haiingii kwenye Cameleon ingawa ni kampuni ileile. Kwa upande wa viti, Maxi-Cosi, Cybex na Nuna kwa kawaida hutumia mtindo mmoja wa kushika, ndiyo maana adapta nyingi huuzwa kwa majina hayo matatu pamoja. Britax Römer wana mtindo wao, Chicco na Graco vilevile. Na vipo visivyohitaji adapta kabisa: kiti cha Mesa cha UPPAbaby kinakaa moja kwa moja juu ya kigari chao cha Vista. Kwa hiyo kabla hujatuma hela, geuza kiti, piga picha lebo, piga picha ya namba iliyo kwenye fremu ya kigari, na umtumie muuzaji zote mbili. Anayejibu "inaingia zote" bila kuziangalia, achana naye.

Ya pili wifi aliipata hukohuko Uingereza, mtumba lakini ya Bugaboo wenyewe, imeandikwa inakotakiwa kukaa. Ikaja na msafiri. Hadi inafika mkononi ilinigharimu kama shilingi 140,000. Pande zote mbili zililia kwa pamoja, mlio mmoja mkavu. Njiti haikupita. Nikarudia unga na kizingiti, kisha nikakivuta kiti kwa mpini wake kuelekea juu, magurudumu ya mbele yakanyanyuka na kiti hakikuachia. Mpaka leo kila nikikalisha kiti nakivuta hivyo kabla sijapiga hatua.

Kasoro zipo. CabrioFix tupu ina uzito wa kilo tatu na nusu hivi, ongeza mtoto, na kuinyanyua kutoka kiti cha nyuma cha gari dogo kunauma kiuno, hasa kwa aliyejifungua kwa upasuaji. Ukitaka kurudisha kiti cha kawaida unatoa adapta, na vipande hivyo ni vidogo, rahisi kupotea. Mimi navitunza kwenye mfuko wa kitambaa. Mchanga nao. Tukitoka matembezi Raskazone navifuta kwa kitambaa kibichi, sipaki mafuta, maana mafuta yanakamata mchanga.

Na hili nalisisitiza kuliko bei yoyote: kiti cha gari si kitanda. Mtoto mchanga akikaa muda mrefu amejikunja, kichwa huangukia mbele, kidevu kikagusa kifua, na njia ya hewa ikabanwa. Ushauri unaotolewa sana ni kutozidisha saa mbili mfululizo, na kwa wiki za mwanzo nusu saa hivi. Muda wa garini na wa kwenye kigari unahesabika pamoja. Tulipokwenda Dar, kilomita kama 350, tulisimama Segera, tukasimama tena na tena, kila mara anatolewa na kulazwa chali juu ya kanga. Mikanda haifunguliwi akiwa kitini, hata kiti kikiwa juu ya kigari.

Kwa anayetembea kwa bajaji na daladala, sioni sababu ya kununua hii. Kiti hiki hufungwa kwa mkanda wa gari wa pointi tatu, na bila huo adapta haina kazi. Hela hiyo nunua chandarua kizuri.

Juzi jirani yangu aliyejifungua alikuja kuniazima adapta. Nikamwambia, shoga, kwanza lete kiti chako. Tukakigeuza pale barazani, tukafuta vumbi kwenye lebo: Britax Römer. Yangu haimfai. Nimempigia picha ile lebo na namba ya kigari chake, nimezituma kwa wifi, tunasubiri jibu.