Pawa stelingi ya umeme kwa gari la zamani: ununue ipi Kampala

Una gari la zamani, tuseme Land Rover, na usukani wake mzito unakufanya utamani pawa stelingi, yaani msaada wa kulainisha usukani. Kabla hujatoa hata shilingi, inua magurudumu ya mbele kwa jeki, kisha zungusha usukani. Ukiwa mzito hata tairi zikiwa hewani, gari lako halijakosa pawa stelingi, limekosa matunzo: boljointi (viungo vya magurudumu ya mbele) zimekauka, stelingi boksi (sanduku la gia za usukani) haina oili, au shafti ya usukani imepinda. Mota ya umeme itauficha ugonjwa huo na kuendelea kusukuma viungo vilivyochoka mpaka kimoja kikatike ukiwa njia ya Masaka. Usukani ukiwa mwepesi hewani na mzito chini, hapo ndipo mota inafaa. Na kama umejiundia kigari chepesi cha michezo cha mtindo wa Lotus Seven, lisilofika kilo 700, hela ikae mfukoni. Rudisha tairi nyembamba, pima upepo, mambo yataisha.

Chaguo tano zifuatazo nimezipanga kwa swali moja tu: kifaa kikifa, utapata kingine mjini bila kungoja meli?

Nafasi ya kwanza naipa kolamu ya usukani, yaani nguzo inayobeba usukani pamoja na mota yake, ya Toyota Vitz au ya Nissan March toleo la K12. Mota yake imekaa chini ya dashibodi, ndani ya gari, mbali na matope na maji ya mafuriko. Kitambuzi kilichomo kwenye kolamu hupima nguvu ya mkono wako, kompyuta huamua kiasi cha msaada, mota huisukuma shafti kupitia gia. Magari haya yalitoka Japani na usukani wake uko kulia kama yetu, kwa hiyo hupigani na umbo. Pale Kisekka, soko la spea la Kampala, yanachinjwa kila wakati, yaani yanafunguliwa yauzwe vipande.

Ukienda kununua, dai vitu vitatu kwa pamoja: kolamu, kompyuta yake yenyewe, na plagi zenye waya mrefu wa kuungia. Muuzaji akikata waya karibu na plagi, mwachie. Kisha omba betri, kolamu iwashwe mbele yako. Zungusha kushoto na kulia. Nguvu iwe sawa pande zote. Kolamu inayojivuta upande mmoja yenyewe huenda ilipigwa nyundo wakati wa kung'olewa na kitambuzi kikaharibika. Usikubali kuambiwa itajirekebisha ikishafungwa. Uliza pia inafanyaje bila ishara ya mwendo wa gari, kwa sababu kompyuta hizi hutegemea ishara hiyo kupunguza msaada unapokimbia. Land Rover yako haina ishara hiyo, kwa hiyo fundi wa umeme atalazimika kuitengeneza au kufunga kisanduku chenye swichi ya kuzungusha ya kuchagua kiasi cha msaada. Msaada mwingi kwenye kilomita 80 kwa saa ni hatari kuliko kukosa msaada kabisa: usukani unakuwa mlegevu na haurudi katikati upesi.

Umeme ndio unaowaangusha wengi. Ukiegesha, injini ikiunguruma taratibu bila kukanyagwa mafuta, mota inaweza kunywa zaidi ya amp 50. Altaneta (mashine ya kuchaji betri) ya Lucas 16ACR iliyokuja na Land Rover Series III hutoa amp 34 kwa ukomo wake. Hesabu basi altaneta kubwa zaidi, waya mnene unaotoka moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi yake karibu na betri hiyo. Land Rover za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 zina upande wa chanya wa betri umeungwa kwenye bodi. Geuza kwanza, la sivyo utaunguza kompyuta siku ya kwanza.

Halafu chuma. Shafti ya zamani lazima ikatwe na kuunganishwa na ya kolamu mpya. Katwe, mtaa wa mafundi wa Kampala, wapo mafundi hodari wa kuchomelea, lakini kiungo hiki kisiwe cha kuchomelea tu. Kikerezwe kipande chenye meno yanayoshika shafti zote mbili, kisha kipigwe boliti ya kupita. Na nyumba ya mota ifungwe imara kwenye bodi, maana bila hivyo mota itajizungusha yenyewe badala ya kuzungusha tairi.

Ya pili ni kolamu ya Toyota Prius ya 2003 hadi 2009. Kiufundi ningeiweka juu ya Vitz: isipopata ishara za gari lake, haizimi, hubaki na msaada wa kiasi usiobadilika. Shida yake ni kwamba Prius zinazochinjwa hapa ni chache. Kwa sababu hiyohiyo ya upatikanaji, waunda magari wa Uingereza wanaipenda kolamu ya Corsa (kwao huitwa Vauxhall, kwingine Opel), nasi hatuwafuati: kwao Corsa imejaa kila kona.

Ya tatu ni seti kamili ya vifaa vya pawa stelingi ya kampuni ya EZ ya Uholanzi, inayotengeneza seti za magari ya zamani yakiwemo Land Rover. Kazi safi, bila kukata ovyo. Lakini bei inazidi euro elfu moja, bado usafiri na ushuru, na spea zake hazipo Kampala. Kama gari ni urithi wa mzee na utalitunza hadi uzeeni, nunua bila kusita.

Ya nne: pampu ya umeme ya Mazda Axela ya kizazi cha kwanza. Hii husukuma mafuta ya stelingi, haizungushi shafti. Inafaa tu kwa gari ambalo tayari lina stelingi boksi ya haidroliki (inayosaidiwa na msukumo wa mafuta) na pampu yake ya mkanda imekufa, na mipira yake ivujayo utaendelea kuifuta.

Ya mwisho ni seti za bei rahisi za mtandaoni zilizotengenezewa vigari vidogo vya magurudumu manne vya mashambani. Picha zake zinavutia, lakini Land Rover ina tani moja na nusu.