Mfumo wa hoteli uliouza chumba kimoja mara mbili, na kijana wa simu aliyeniambia "kwetu kuko sawa"

Nimekaa mapokezi ya hoteli ndogo Mji Mkongwe kwa miaka mingi. Nimeandika wageni kwenye daftari la mistari, nikaja kwenye Excel, na sasa tunatumia mfumo huu wa mtandaoni ambao wenye hoteli ndogo wengi Unguja wameshaletewa maonyesho yake. Jina silitaji. Aliyeutumia ataujua kwa taa yake ya kijani, na taa hiyo ndiyo inayonifanya niandike.

Iko juu ya skrini, upande wa kulia, na pembeni yake limeandikwa "Umeunganishwa". Maana yake vyumba vyenu vinaongea na tovuti za kuuzia, Booking.com, Expedia na nyenginezo: chumba kikiuzwa huku, kule kinajifunga chenyewe. Kwangu hiyo ndiyo sababu hasa ya kununua mfumo. Bili naweza kuzipiga hata kwa kalkuleta. Lakini kuzunguka tovuti moja baada ya nyengine usiku wa manane kufunga vyumba kwa mkono, hiyo ndiyo kazi iliyotuchosha, na ndiyo waliyotuahidi kutuondolea.

Ikaja Februari, wiki ya tamasha la muziki la Sauti za Busara. Wanaoijua wiki ile wanajua: Ngome Kongwe muziki mpaka usiku mkubwa, na kuanzia Shangani mpaka Malindi kitanda hakipatikani. Sisi tulijaa mapema. Skrini inasema tumejaa, taa ya kijani. Jioni, boti ya mwisho kutoka Dar ikishashusha abiria, anaingia bibi mmoja kutoka Maskati na binti yake. Mkononi wana karatasi ya buking ya hoteli yetu, imelipwa yote, chumba cha chini. Na chumba chetu cha chini ni kimoja tu, na ndani yake tangu juzi yake walikuwa wamelala Wajerumani wawili.

Bibi yule Kiswahili chake ni cha Unguja hasa, cha watu walioondoka zamani. Nikamwamkia, akaitikia vizuri, akakaa barazani na mkoba wake magotini. Nilipomweleza hakupiga kelele. Aliniuliza, "Mwanangu, nimelipa au sikulipa?" Nikamwambia umelipa, bibi. "Basi chumba changu ki wapi?" Nilikosa la kumjibu. Chumba cha chini alikichagua kwa sababu ya magoti, na ngazi za nyumba zetu mnazijua zilivyosimama. Laiti angenitukana.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Ililia sana mpaka akapokea kijana mmoja, nyuma yake nasikia kelele za mpira.

"Dada, nimeingia kwenye akaunti yenu. Kwetu kuko sawa. Imeunganishwa."

"Kaka, mgeni yuko mbele yangu na karatasi mkononi."

"Labda hapo mapokezi kuna mtu kabonyeza."

"Kabonyeza nani? Niko peke yangu."

"Au mtandao wenu. Hebu toka, halafu ingia tena."

Nikatoka, nikaingia. Kijani.

"Si unaona? Iko sawa. Fungua tiketi, mafundi wataiangalia siku za kazi."

Siku za kazi! Hoteli ina siku ya kazi na siku ya mapumziko? Anayeuza mfumo wa hoteli hajui kwamba wageni wanashuka botini Jumamosi? Na si maneno tu, ni namna alivyoyasema, kama mtu anayemsikiliza mtoto anayesingizia. Sijasahau mpaka leo. Kosa la mashine naweza kulisamehe, mashine hazina adabu wala ukosefu wa adabu. Lakini kuambiwa na mtu mzima kwamba ninachokiona kwa macho yangu hakipo, kwa sababu yeye skrini yake ina rangi nzuri, hilo hapana.

Bibi na binti yake tuliwapeleka kwa mama mdogo wa bosi, Kikwajuni, nyumba ya chini isiyo na ngazi. Walipokelewa kama ndugu, lakini hawakuja Zanzibar kulala nyumbani kwa watu wasiowajua. Na kwa masharti ya tovuti, mgeni akikosa chumba alicholipia, hoteli ndiyo inayomtafutia pengine na kubeba gharama ya ziada. Bibi hakuwa peke yake wiki ile. Walikuja wengine na karatasi zao, na kila mara taa ilikuwa kijani.

Kilichotokea sikuelezwa na wenye mfumo. Nilielezwa na kijana wa kompyuta wa hoteli moja ya Nungwi aliyepita kutusalimia. Kila aina ya chumba ndani ya mfumo hufungwa na pacha wake kule kwenye tovuti. Wao, katika sasisho lao la usiku, walibadilisha namna aina za vyumba zinavyotambulika, na chumba chetu cha chini kikapoteza pacha. Tovuti ikaendelea kukiuza kwa idadi ya zamani, na buking zikawa haziingii kwetu kabisa. Na taa? Taa inaangalia kama seva mbili zimeamkiana, basi. Haiangalii kama kila chumba kina pacha wake. Yaani inaweza kuwa kijani mwaka mzima huku hakuna kinachopita. Kwa nini basi wakaiandika "Umeunganishwa"?

Nitoe haki, maana nisipoitoa wataniambia nina chuki. Upande wa usafi mfumo huu ni mzuri, tena mzuri sana. Wadada wa vyumba wanaweka alama kwenye simu zao chumba kikiwa tayari, nami naona hapo hapo bila kupiga kelele za kuitana ngazini. Kufunga hesabu za siku, kazi iliyokuwa ikimkesha mtu wa zamu ya usiku, sasa inaisha kabla chai haijapoa. Hata tozo ya miundombinu, ile inayotozwa kwa kila mgeni kwa kila usiku, inaitenga na bei ya chumba inavyotakiwa, na unapokuja kutoa risiti ya Mamlaka ya Mapato, ZRA, huanzi kukokotoa upya. Kwa hayo nilikaribia kutoa nyota tatu kati ya tano. Wakati fulani hata nilimwambia bosi tuwavumilie, mifumo yote ina lake.

Lakini nikikumbuka siku ya maonyesho hasira zinarudi. Bosi alimuuliza muuzaji: mtandao ukikatika, tunafanyaje? Akajibu, "Siku hizi mtandao haukatiki." Anawaambia watu wa kisiwani! Sisi ambao umeme wetu unapita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, kule bara, mpaka Fumba, na waya ule ulipoharibika Disemba 2009 Unguja ilikaa gizani miezi kama mitatu, wenye hoteli wakachoma dizeli kwenye majenereta mpaka wengine wakashindwa. Na tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zikakatika baharini, Tanzania na majirani wakabaki wanasubiri kurasa zisizofunguka. Siku ile mfumo haukufunguka. Wageni wamo ndani, na skrini haiwezi kuniambia nani yuko chumba gani wala anaondoka lini. Tangu hapo kila jioni kabla ya magharibi nachapisha orodha ya waliopo na wanaokuja kesho, naifungia drooni. Mfumo unaolipiwa kwa dola kila mwezi hauwezi kuhifadhi hata orodha ya leo ndani ya kompyuta yangu?

Kilichonimaliza kabisa ni pale tulipouliza kuhusu kuhama. Tuliomba orodha ya wageni wetu wa nyuma: majina, barua pepe, na wale wanaorudi kila mwaka. Walitutumia PDF, ukurasa mmoja kwa kila mgeni, za kunakili kwa mkono. Tulipouliza nakala za pasipoti zitafutwa lini, jibu likawa kwamba zitabaki kwenye seva zao "kwa usalama". Usalama wa nani? Mwaka 2018 Marriott, kampuni kubwa ya hoteli duniani, ilitangaza kwamba wavamizi wa kompyuta walikuwa ndani ya mfumo wa buking wa kampuni nyengine ya hoteli, Starwood, tangu 2014, na Marriott ilipoinunua Starwood 2016 ikainunua pamoja na wavamizi waliomo ndani. Namba za pasipoti zaidi ya milioni tano zilikuwa zimehifadhiwa bila kufichwa. Hiyo ni kampuni yenye mafundi wa kila namna. Hawa wa kwetu ambao hawajui kama chumba changu kina pacha, ndio watanilindia pasipoti ya bibi wa Maskati?

Kwa hiyo zile nyota tatu nazifuta. Ni moja, na hiyo ni ya wadada wa usafi. Sikusema hivi mwanzo lakini sasa nasema: msiununue, hata kwa ajili ya sehemu ya usafi, kwa sababu hawakuuzii sehemu. Na mfumo wowote mtakaoletewa, kabla ya kusaini muombeni muuzaji aweke chumba kwenye tovuti kiwe kinauzwa, mbele yenu, kisha mkizime kile chumba kwenye mfumo, muone kule kinachukua muda gani kufungwa. Muombeni achomoe waya wa intaneti, muone kinachobaki kwenye skrini. Muombeni faili la wageni siku hiyo hiyo ya maonyesho. Na pigeni namba yao ya huduma Jumamosi saa tatu usiku, mumsikie anayepokea, na anavyopokea.

Mkataba wetu unaisha kabla ya Mwaka Kogwa, sikukuu yetu ya Julai. Kama yuko mwenye hoteli ya vyumba vichache, Unguja au Pemba, anayetumia mfumo unaobaki na orodha ya wageni mtandao ukizima na kuitoa yote kwa Excel ukitaka kuondoka, naomba aniambie jina lake. Bei tutazungumza nao wenyewe.