Jordan za mtumba Mlango Mmoja: ipi ya kuchezea, ipi ya kuiacha mezani

Kwenye meza za raba za Mlango Mmoja, hapa Mwanza, jina la Michael Jordan, mchezaji wa kikapu wa Marekani ambaye Nike humtengenezea viatu, halikosi. Belo likifunguliwa asubuhi utaikuta Jordan 1 nyekundu, Jordan 4 yenye mabawa ya plastiki, na ukiwahi, Jordan 12 yenye ngozi iliyoshonwa mistari kama miale ya jua. Wauzaji huzipanga kwa sura na wanunuzi wengi huchagua kwa sura. Kwa anayetafuta kiatu cha kuchezea kikapu kwenye saruji, sura ni ya mwisho. Cha kwanza ni tarehe, cha pili ni aina ya povu lililo chini ya kisigino.

Jambo moja liwekwe sawa mapema. Namba ya kiatu hufuata mwaka ambao Jordan mwenyewe alikivaa, lakini kiatu kilicho mezani si cha mwaka huo. Nike huzitoa upya kila mara, hivyo Jordan 3 unayoiona inaweza kuwa imetengenezwa 2011 au 2018, ingawa yeye aliivaa 1988. Jibu liko kwenye lebo ndogo ndani ya kiatu, kwenye ulimi au ubavuni. Huwa na tarehe mbili, ya kuanza na ya kumaliza kutengeneza, na mwezi huandikwa kwanza: 08/12/16 ni tarehe 12 Agosti 2016, si 8 Desemba. Wengi hukosea hapo.

Kwenye lebo hiyohiyo kuna namba ya aina. Kwa matoleo mengi, 136064 ni Jordan 3, 308497 ni Jordan 4, 378037 ni Jordan 11, na 130690 ni Jordan 12. Matoleo ya karibuni huanza kwa herufi mbili, na hayo unayatafuta kwa simu palepale. Namba ikileta picha ya kiatu kingine, umeshika feki. Saizi yenye herufi Y ni ya watoto. Usidhani tofauti ni urefu tu: Jordan 11 ya watoto haina bamba la kaboni, na 12 ya watoto haina mfuko wa hewa kama ule wa wakubwa. Kijana mwenye mguu mdogo akiinunua kwa kuokoa pesa anapata ngozi na jina, basi.

Kwa saizi, fuata sentimita, maana wauzaji huchanganya namba za Uingereza, Marekani na Ulaya. Simama jioni juu ya karatasi, kisigino kikigusa ukuta, weka alama kwenye ncha ya kidole kirefu, pima. Ongeza kama sentimita moja. Mguu wa sentimita 26 unahitaji lebo ya 27, ambayo kwa wanaume ni 9 ya Marekani, 8 ya Uingereza, 42.5 ya Ulaya.

Tuje kwenye povu, maana hapo ndipo pesa za watu hupotea.

Jordan 3 hadi 8 zina soli ya kati ya povu la poliurethani. Ni povu zuri likiwa jipya, zito kidogo, imara, halibonyei ovyo. Ugonjwa wake ni unyevu. Mvuke wa maji ulio hewani huingia ndani ya povu na kukata minyororo iliyolishika, taratibu, mwaka hadi mwaka, hata kiatu kikikaa ndani ya boksi. Tena kikikaa bila kuvaliwa huharibika zaidi, kwa sababu kutembea hulibana povu na kusukuma nje sehemu ya unyevu. Kisha siku moja mtu anaruka kudaka mpira unaorudi, anatua, na soli inavunjika vipande kama keki iliyokauka. Gundi haiwezi kutibu hilo, maana kilichooza ni povu lenyewe. Mji ulio kando ya ziwa, wenye mvua za vuli na masika, hausaidii.

Inauma, kwa sababu viatu hivi ndivyo vyenye historia ya kupanda kwa Jordan mwenyewe. Timu za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, zilipochagua wachezaji wapya mwaka 1984, alichaguliwa wa tatu, nyuma ya Hakeem Olajuwon wa Nigeria na Sam Bowie. Msimu wake wa pili alivunjika mfupa wa mguu wa kushoto katika mchezo wa tatu, akacheza michezo 18 tu kabla ya mtoano, kisha Aprili 1986 akawafunga Boston pointi 63 kwao, na bado timu yake, Chicago, wakapoteza. Jordan 3, kazi ya kwanza ya Tinker Hatfield, mbunifu wa viatu wa Nike, kwenye mfululizo huu, ndiyo aliyoivaa Februari 1988 kushinda shindano la kudanki mbele ya watu wa Chicago, mwaka uleule alioshinda tuzo ya mchezaji bora na ya mlinzi bora kwa pamoja. Jordan 4 ilikuwa miguuni Mei 1989 alipowatoa Cleveland kwa mtupo wa mwisho, 101 kwa 100. Jordan 6 ilimpa ubingwa wa kwanza 1991 dhidi ya Lakers, 7 ule wa 1992 dhidi ya Portland, 8 ule wa 1993 dhidi ya Phoenix.

Ukizitaka hata hivyo, pima hivi. Shika kisigino kwa mikono miwili, bonyeza ubavu wa povu kwa kidole gumba kwa nguvu, uhesabu hadi tano. Povu zima hurudi na rangi haipasuki. Rangi ikipasuka nyufa ndogo kama za tope lililokauka, au kidole kikiacha shimo, rudisha mezani. Kunja sehemu ya mbele, angalia kama kuna unga unaodondoka pale soli inapokutana na ngozi. Kwa Jordan 4, angalia pia yale mabawa ya plastiki yanayopokea kamba, maana hukatika, na moja likikatika kifundo cha mguu kinakosa mshiko upande huo. Kwa uwanjani, tusingechukua 3 hadi 8 iliyopita miaka mitano kwenye lebo. Iliyozidi kumi tusingeivaa hata kwenda sokoni.

Jordan 1 ni habari nyingine. Soli yake ni bakuli la mpira lililoshonwa kuzunguka, kwa hiyo haivunjiki kama hizo, na fundi viatu yeyote mwenye sindano nzuri anaweza kuishona upya kwa kufuata matundu ya kiwandani. Ndiyo inayodumu kuliko zote. Lakini ni bapa, ngumu, na mto wake wa kisigino ni mdogo. Mwenyewe aliirudia Machi 1998, alipocheza Madison Square Garden kwa mara ya mwisho akiwa na Chicago. Alivaa jozi ya enzi zake za mwanzo, akafunga pointi 42, na akavua akiwa na damu mguuni. Ivae mjini, ivae harusini. Saa mbili za kuruka juu ya saruji ni adhabu kwa magoti.

Viatu vya kuchezea viko nusu ya pili ya maisha ya Jordan uwanjani. Oktoba 1993, miezi michache baada ya baba yake kuuawa, Jordan aliacha kikapu, na 1994 akacheza besiboli ya daraja la chini Birmingham. Alirudi Machi 1995. Kuanzia hapo povu nalo lilibadilika: Jordan 11, 12 na 13 zinatumia povu la familia ya EVA, jepesi zaidi, ambalo halimeng'enywi na unyevu namna ile. Huzeeka kwa kubonyea, likawa bapa na gumu, lakini halikuachi hewani.

Jordan 11 aliivaa kwenye mtoano wa 1995 kabla haijaingia madukani, akatolewa na Orlando, kisha msimu uliofuata Chicago wakashinda michezo 72 na kupoteza 10, na ubingwa wa nne ukaja tarehe 16 Juni 1996, Siku ya Baba. Ni nzuri mno. Kasoro yake hapa kwetu ni soli ya mpira unaopitisha mwanga: hugeuka njano, hilo ni la macho tu, lakini kwenye vumbi huteleza, na saruji ya kukwaruza huila haraka. Ngozi yake ya kung'aa ikishapasuka kwenye mkunjo wa vidole, hakuna dawa. Geuza kiatu, tazama bamba la kaboni katikati ya unyayo: likiwa na ufa, au kiatu kikijikunja katikati badala ya mbele, acha.

Chaguo letu ni Jordan 12, na hatuna wasiwasi nalo.

Tarehe 11 Juni 1997, fainali dhidi ya Utah ikiwa sare ya mbili kwa mbili, Jordan aliingia mchezo wa tano akiwa mgonjwa hata kusimama ni kazi. Alicheza dakika 44, akafunga 38, Chicago wakashinda 90 kwa 88, na mchezaji mwenzake Scottie Pippen akamshikilia wakitoka. Miguuni alikuwa na Jordan 12 nyeusi na nyekundu. Ni kiatu cha kwanza cha jina lake kuwa na mfuko wa hewa wa Zoom wa urefu wote wa unyayo, kutoka kisigino hadi vidoleni, na faida yake unaihisi ukitua. Ngozi nene inayozunguka chini hustahimili kuburuzwa kwa vidole, kosa la wachezaji wengi wanaojifunza kulinda. Kifundo kinashikwa vizuri. Soli ni ngumu kuliko ya 11 na huchelewa kuisha kwenye saruji.

Si chepesi. Mchezaji wa pembeni anayetegemea kasi atalalamika wiki ya kwanza, na ngozi hiyo hupika mguu saa nane mchana. Cheza na soksi nene ya pamba na uilegeze kamba wakati wa mapumziko. Kinachoharibika ni mfuko wa hewa. Ukitoboka, hakuna linaloonekana nje. Toa soli ya ndani, ingiza mkono, gandamiza chini ya vidole kwa ngumi, kiatu kimoja kisha kingine. Lazima virudishe sawa. Kimoja kikiwa kimekufa, au kikitoa sauti kama karatasi inayokunjwa, hicho kimepasuka. Kisha vaa vyote viwili, uruke mara kumi palepale mbele ya meza. Muuzaji aliyezoea wachezaji hatashangaa.

Jordan 13 inafuata kwa karibu. Ndiyo ya msimu wa 1997 na 1998, alipofikisha miaka 35, akacheza michezo yote 82 na kuongoza ligi kwa ufungaji mara ya kumi. Ni nyepesi na laini kuliko 12. Soli yake imegawanyika vipande kama unyayo wa paka mkubwa, na vipande hivyo hubanduka kimoja kimoja. Vuta kila kimoja kwa ukucha kabla ya kulipa. Jordan 14, ambayo alipigia mtupo wa mwisho Utah tarehe 14 Juni 1998, zikibaki sekunde 5.2, kwa ushindi wa 87 kwa 86 na ubingwa wa sita, ni ya chini kidogo na ya kasi. Ukiipata nzima, chukua bila kufikiri sana. Za baada ya hapo, hata za miaka yake miwili ya Washington hadi 2003, hazina mvuto ule mezani.

Kubanduka kunatibika, mradi povu ni zima. Gundi ya zamani ikwanguliwe yote, pande zote mbili zipigwe msasa hadi zikwaruze, zifutwe kwa tina kidogo na kukauka. Paka gundi ya viatu tabaka mbili nyembamba, kila moja ikae dakika kumi hadi kumi na tano mpaka iguse kidole bila kunata sana, ndipo ubandike na kufunga kwa mpira wa tyubu la baiskeli kwa saa 24. Gundi za matone zinazokauka papo hapo zisitumike: hukakamaa kama kioo na hupasuka mguu ukijikunja. Kiatu kikilowa, kisianikwe juani juu ya bati. Toa soli ya ndani, jaza magazeti, weka kivulini penye upepo, na usikihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni, maana huko unyevu hauna pa kutokea.

Na ukimpelekea fundi Jordan 12, mwambie kabla hajashika sindano: ashone ubavuni tu, pale mpira unapopanda juu ya ngozi. Asipitishe uzi chini ya unyayo hata mara moja, kwa sababu ule mfuko wa hewa umelala kuanzia kisigino hadi vidoleni na sindano itautoboa.