Amazon, Viator, GetYourGuide au makubaliano ya hapa hapa: programu za kamisheni zinavyomlipa mwenye tovuti aliyeko Dodoma

Mwenye tovuti anayetafuta programu ya afilieti, yaani mpango wa kulipwa kamisheni kwa kila mteja aliyemfikisha kwa muuzaji kupitia linki yake, hukutana kwanza na asilimia. Kila kampuni huitanguliza asilimia yake kwa herufi kubwa, kisha masharti ya malipo huyaweka kwenye ukurasa ambao wengi hawaufungui. Katika tathmini hii nimeanzia upande wa pili, pale fedha inapotakiwa kuingia benki au kwenye simu ya mtu anayeishi Dodoma, ndipo nikarudi kuitazama asilimia. Tovuti niliyoitumia kupimia ni ndogo. Ina kurasa za Kiingereza kwa wageni na za Kiswahili kwa wenyeji, na inahusu safari za Tanzania ya kati: michoro ya miambani ya Kolo wilayani Kondoa, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, mashamba ya zabibu, na njia ya kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha kwa kupitia Iringa.

Amazon Associates ndiyo inayotajwa kwanza kila panapozungumzwa biashara hii, na umri wake unaipa haki hiyo, kwa kuwa ilianza mwaka 1996. Kujiunga si kazi, ila usipoleta mauzo matatu yanayokubalika ndani ya siku 180 akaunti hufungwa, na itakubidi uombe upya. Viwango hutegemea aina ya bidhaa: kwa soko la Marekani, vitabu vya karatasi hulipa asilimia 4.5, mabegi ya safari asilimia 4, na vyakula asilimia 1. Kitabu cha ndege wa Afrika Mashariki kinachouzwa dola 30 humwachia mwenye tovuti dola 1.35. Ukilipwa hivyo unahitaji wasomaji wengi sana, na tovuti ya Kondoa na Ruaha haina wasomaji wa namna hiyo.

Kinachoumiza zaidi ni muda. Kidakuzi cha Amazon, yaani alama inayomtambulisha mteja kuwa ametoka kwako, huishi saa 24 tu. Mgeni anayepanga safari ya Ruaha husoma leo, hushauriana na mwenzake wiki nzima, na begi hulinunua siku chache kabla ya kupanda ndege, wakati ambapo alama yako imeshafutika zamani. Kuna nafuu moja ambayo wengi hawaijui: mteja akiiweka bidhaa kwenye kikapu ndani ya saa hizo 24, kwa kawaida ununuzi huo huendelea kuhesabiwa wako hadi siku 90. Kwa upande wa masharti, hairuhusiwi kununua kupitia linki yako mwenyewe, na bei huruhusiwi kuiandika kwa mkono, kwa sababu bei hubadilika na ukurasa wako ungebaki ukimdanganya msomaji.

Kwa msomaji wa Kiswahili aliyeko Area C au Nkuhungu, mitaa ya hapa Dodoma, programu hii haina maana yoyote. Bidhaa nyingi hazitumwi Tanzania, na zinazotumwa huja na gharama za usafirishaji na ushuru zinazoweza kuizidi bei ya bidhaa yenyewe. Malipo nayo hutoka takriban siku 60 baada ya mwezi wa mauzo kuisha. Anayechagua hundi hawezi kulipwa kabla ya kufikisha dola 100, na hundi ya dola iliyotoka nje si karatasi ambayo karani wa benki ataipokea kwa furaha. Kadi ya zawadi hutolewa kuanzia dola 10, lakini huwezi kulipia umeme kwa kadi ya zawadi.

Viator na GetYourGuide ni habari nyingine, kwa kuwa zinauza nafasi za safari na matembezi, yaani kile ambacho msomaji wa tovuti ya safari amekuja kukitafuta. Zote mbili hutangaza kamisheni ya asilimia 8, na vidakuzi vyao huishi siku 30 kwa Viator na siku 31 kwa GetYourGuide. Safari ya siku moja yenye thamani ya dola 250 inakupa dola 20, sawa na kuuza karibu vitabu 15 vya ndege kupitia Amazon. Kamisheni huiva baada ya mgeni kusafiri, hivyo anayeweka nafasi mwezi wa pili kwa ajili ya safari ya mwezi wa nane atakuweka ukisubiri, na akighairi huna chako.

Udhaifu wao kwa mtu wa Dodoma ni bidhaa. Zanzibar na Arusha zimejaa tele; ukiandika Dodoma au Kondoa, unachopata ni kichache. Kwa sababu hiyo makala ya Kolo, hata ikiwa nzuri namna gani, haina cha kuuza kupitia kampuni hizi. Kilichonifaa ni makala ya treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024. Mgeni anayeulizia treni ya kutoka Dar es Salaam mara nyingi ana Zanzibar kwenye ratiba yake, kabla au baada ya kuja huku bara, na linki ya matembezi ya Mji Mkongwe ikiwekwa chini ya aya inayozungumzia kituo cha Dar es Salaam humkuta bado anapanga.

Sasa tufike kwenye njia ya fedha, ambako programu nyingi huanguka. Akaunti ya PayPal iliyofunguliwa Tanzania hutumika kulipia, si kupokea, na hapo ndipo zinapokomea programu zote zinazolipa kwa PayPal peke yake. Kampuni moja ya kupangisha nafasi za tovuti, nisiyotaka kuitaja, ilinivutia kwa kamisheni ya asilimia 40. Nilipofungua ukurasa wa malipo nikakuta kwamba anayelipwa kwa PayPal husubiri dola 100, na anayelipwa kwa benki husubiri dola 500. Mtanzania ni wa kundi la pili hata asipoulizwa.

Wengi hapa hutumia Payoneer, ambayo humpa mtu namba za akaunti za kupokelea dola au euro na kumruhusu kuhamishia fedha benki ya nyumbani. Inafanya kazi, lakini akaunti iliyopokea fedha kidogo ndani ya miezi 12 hutozwa ada ya mwaka ya dola 29.95. Mwenye kuingiza dola 300 kwa mwaka atakatwa karibu sehemu moja ya kumi, na ile asilimia 8 ya Viator itakuwa imeshuka hadi 7.2 kabla hata makato ya kubadilisha fedha hayajaguswa. Kwa tovuti changa ni afadhali kuchagua programu moja au mbili zinazolipa kwa njia ile ile kuliko kujiunga na sita na kuacha dola 18 hapa na dola 40 kule, zote zikiwa chini ya kima cha kutolewa.

Kwa kurasa za Kiswahili, mshindi kwangu si kampuni ya nje. Tangu serikali ihamie Dodoma, kila mtu anamfahamu dalali wa viwanja na nyumba, na makubaliano niliyoyafanya na waongoza wageni wa Kondoa hayana tofauti kubwa na udalali huo: mteja hutaja neno la siri lililoandikwa kwenye makala yangu, analipa, nami napata kamisheni kwa M-Pesa juma lile lile. Kiwango tulichokubaliana ni asilimia 10, zaidi ya ile ya Viator, na hakipiti mkononi mwa Payoneer. Kasoro yake ni kwamba hakuna mtambo wa kuhesabu. Mwongozaji mmoja alisisitiza kuwa mteja alijileta mwenyewe, wakati mteja huyo alikuwa amenitumia picha ya risiti akishukuru. Tangu hapo makubaliano huandikwa, na mteja hujaza fomu kwenye tovuti kabla ya kupewa namba ya simu ya mwongozaji, ili jina lake liwe limeingia kwangu kwanza. Anayefanya hivi kwa kiasi cha kueleweka awe na TIN na amwone mhasibu mapema, kwa kuwa Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya watengeneza maudhui ya kidijitali.

Kwa mpangilio wangu, kurasa za Kiingereza zina Viator na GetYourGuide, za Kiswahili zina waongozaji wa Kondoa, na Amazon imebaki kwenye ukurasa mmoja wa vitabu vya ndege, ambao ningeuweka hata kama usingelipa. Juu ya kila ukurasa kuna sentensi inayosema kwamba linki zilizomo zinaniingizia kamisheni. Hakuna msomaji aliyewahi kulalamikia sentensi hiyo, na wawili watatu wamewahi kuniuliza wabonyeze ipi ili nami nipate chochote.